Kisiwa Kisicho na Mlima: Kizingitini na Majirani Zake

Aliyezoea kuitembelea nchi kwa kupanda vilele vyake hana pa kupanda katika kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya. Ardhi ni tambarare ya matumbawe iliyozingirwa na mikoko, na kinachotangulia kuonekana kutoka baharini ni minazi, misikiti na, siku hizi, milingoti ya simu. Kinachopanda na kushuka huku ni maji. Yakitoka, mashua hukalia matope na abiria wakangoja. Yakijaa, nahodha aliyetoka Lamu hupenya Mkanda, mlango mwembamba baina ya Manda na bara, akaelekea Mtangawanda, Faza, na mwisho Kizingitini.

Wageni wengi hawafiki huko mwisho. Hushukia Mtangawanda, wakaenda kutazama magofu ya Pate na Siyu, wakarudi zao. Siwalaumu, ila naona historia ya kisiwa hiki tumeyaachia mno mawe yaisimulie.

Hata hivyo mawe nayo yana haki yake. Shanga, upande wa kusini karibu na Siyu, ilifukuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti mingine iliyoutangulia, ya mwanzo kabisa ikiwa ya miti na udongo, tangu karne ya 8. Msikiti ulikua pamoja na watu wake, kutoka mti hadi jiwe, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kushikilia kwamba miji ya Waswahili ililetwa na wageni ikiwa imekwisha kukamilika. Mapema katika karne ya 15 Shanga ilihamwa.

Pate, mji wa watawala Wanabahani, ilidumu zaidi. Ilitajirika kwa biashara ya bahari, na ndiko Mwengo wa Athumani alikotungia Utendi wa Tambuka, 1728. Fitina za kiti cha enzi ziliidhoofisha, na kushindwa kule Shela mnamo 1812, ilipokwenda kupigana na Lamu ikiwa bega kwa bega na Wamazrui wa Mombasa, kukaivunja mgongo. Leo baina ya kuta zake hulimwa tumbaku.

Siyu, mji wa mafundi na wanakili misahafu, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote. Majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yalikwenda yakarudi mikono mitupu. Mwaka 1844 amiri wake, Hamad, aliuawa katika vita hivyo, na kaburi lake liko Faza. Siyu ilishikwa 1863 tu, zama za mwanawe, Seyyid Majid. Faza yenyewe ilikwisha kuonja msiba mapema zaidi: mwaka 1587 Wareno wa Martim Afonso de Melo waliishambulia kwa kuwa ilimpokea Mir Ali Bey, Mturuki. Walimuua mfalme, wakauchoma mji, kisha wakaikata minazi. Hilo la minazi ndilo linaloniudhi zaidi. Nyumba hujengwa upya kwa msimu mmoja. Mnazi humtaka mtu angoje miaka.

Kizingitini haina ngome wala kasri, na ndiyo maana vitabu huipita. Ni mji wa Wabajuni, watu wa bahari hasa. Wao ndio waliosifika kwa mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ambavyo vilitoweka katika karne ya 20. Siku hizi wanaume wake huzamia kamba koche kwenye miamba, na kaskazi ndiyo neema yao. Kusi ikivuma, bahari huchafuka na mapato hupungua. Maji ya kunywa ni taabu. Visima vingi vina chumvi, hivyo watu hutegemea jabia, birika kubwa la kukusanyia mvua.

Lakini kilimo nacho kilikuwapo, ng'ambo, bara. Wabajuni walivuka kulima huko, na vijiji kama Rubu na Mvundeni vilikuwa vyao. Vita vya mashifta, kuanzia 1963, viliwafukuza. Mashamba yakarudi kuwa mwitu, na wenyewe wakahamia visiwani, Kizingitini ikiwa mojawapo ya walikokimbilia. Somalia iliposambaratika 1991, Wabajuni wa upande wa pili wa mpaka nao walishuka kusini kwa madau. Sehemu kubwa ya historia ya karne iliyopita katika kisiwa hiki ni ya watu hawa, na haikuacha gofu hata moja la kupigwa picha.

Mgeni mwenye siku moja na aende Siyu, ngome yake itamtosha. Mwenye siku zaidi na ateremke Kizingitini kwanza, kisha apite Mbwajumwali na Tchundwa kwa miguu au kwa pikipiki. Kila mji una baraza, na wazee wanaokumbuka mashamba ya bara wanapungua. Waulizwe sasa nani alilima wapi, na mipaka ilipita kwenye miti gani.