"May" na "Might": Neno la Nguvu Lililogeuka Neno la Shaka

Wengi wetu tunalichukulia "may" kuwa neno la wasiwasi tu. Historia yake yasema vingine. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, kitenzi "magan" kilimaanisha kuwa na nguvu, kuweza. "Cunnan" kilikuwa kujua. Kikaja kuwa "can", kikatwaa uwezo, na "may" likasukumwa kwenye ruhusa na shaka. "Might" lilikuwa umbo lake la wakati uliopita.

Basi, yatuhusu nini sisi? Chukua Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mwanafunzi akiandika "they may have won", msomaji ataelewa huenda walishinda, yaani hatujui. Tunajua bwana! Walishindwa, na njaa iliyofuata ikaua umati. Aliyetaka kusema wangalishinda kama wangalipata silaha, aandike "might have won" na sharti lake. Kiswahili kimezitenga "huenda" na "-ngali-" mbalimbali. Kiingereza kimeyabana yote katika kitenzi kimoja. Kwa maoni yangu, kuyachanganya si kosa la sarufi peke yake. Ni kutia shaka vifo ambavyo havina shaka.