Nyumba ya mzee: mambo ya kuangalia kuanzia jikoni hadi chooni

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea. Wapo wanaotunzwa kwenye makazi ya serikali, kama Kolandoto katika Manispaa ya Shinyanga na Bukumbi wilayani Misungwi. Lakini wengi wako kwenye kaya zao, mara nyingi na wajukuu, wakati vijana wako machimboni Geita au Kahama. Popote alipo, mahitaji yake ndani ya nyumba ni yale yale.

Jiko: Usukumani miti imepungua, na bibi zetu wengi wamepikia mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa miaka mingi. Moshi huo unafanya macho kuwa mekundu. Kwa sababu ya macho hayo, wapo bibi walioitwa wachawi na kuuawa kwa mapanga. Macho mekundu si uchawi. Weka dirisha mkabala na mlango wa jiko ili moshi utoke, jenga jiko lenye bomba la moshi, kisha mpeleke bibi akapimwe macho.

Mwanga: Jicho la mzee linahitaji mwanga mwingi kuliko la kijana. Bati moja linalopitisha mwanga juu ya chumba husaidia mchana. Usiku, taa ndogo ya sola iwe karibu na kitanda.

Sakafu na mlango: Saruji iliyosuguliwa ikang'aa huteleza ikilowa, iache iwe na mikwaruzo. Ondoa mkeka uliojikunja njiani. Paka chokaa ukingo wa ngazi ili auone. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mlango uwe na upana wa sentimita 90, na ngazi ya sentimita 10 ibadilishwe kuwa mteremko wenye urefu wa sentimita 120.

Kitanda: Akikaa, nyayo zake zikanyage chini na magoti yasipande juu.

Choo: Kuchuchumaa ni kazi ngumu kwake. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo. Funga mti imara ukutani wa kushikilia anapoinuka.

Kabla ya kununua saruji, muulize mzee mwenyewe ni wapi hujikwaa. Kisha tembea naye usiku, kutoka kitandani hadi chooni. Utaona pa kuanzia.