Chungu cha Ajon: Historia Fupi ya Baraza la Mpakani

Mwaka 1902 Uingereza iliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yake ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Jamii ya Wateso ikagawanyika, wengine Tororo upande wa Uganda, wengine Busia upande wa Kenya. Ajon, pombe yao ya wimbi, ikabaki ile ile pande zote mbili. Kampala huiita malwa.

 Utajiri wa huku ni wimbi. Nafaka hii ilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita, na punje zake ndogo hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa. P-224, Gulu-E na U-15, mbegu zenye asili ya Uganda, hulimwa hata Kenya. Wapika pombe hupenda punje nyekundu.

Na hao wapika pombe, wengi wao wanawake, ndio wenye baraza hili la kunywea ajon. Unga hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya bati la moto hadi ukauke na kunukia. Hapo ndipo fundi hujulikana, kwa kuwa ukiungua ladha imekwisha. Ukikauka vizuri unaweza kuwekwa miezi. Siku ya kupika huchanganywa na maji na kimea, wimbi lililooteshwa, ambacho huuchachua upya.

Mezani hakuna bilauri. Chungu huwekwa katikati, maji ya moto huongezwa, na kila mtu huvuta kwa mrija mrefu wenye chujio nchani. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 juu ya adabu za unywaji huu: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Palizi ya pamoja ililipwa kwa ajon, na mtoto alipopewa jina, bibi alimwonjesha pombe kwa kidole.

Serikali hazikuipenda daima. Kenya iliziwekea pombe za kienyeji sheria kali, kisha mwaka 2010 ikazifuta sheria hizo kwa sheria mpya ya vileo. Pigo zito upande wa Uganda lilikuja Machi 2020, baa zilipofungwa kwa sababu ya korona. Kwa karibu miaka miwili, mama aliyelipa karo kwa ajon alikosa soko la wazi. Januari 2022 baa zilifunguliwa, na bati likarudi motoni.