Silabi ya Kwanza

"Msifungue." Hilo ndilo neno alilosema bosi usiku ule. Lina silabi tano: m-si-fu-ngu-e. Redio yetu ilituletea tatu za mwisho.

Ilikuwa Jumamosi, tamasha la muziki hapa Nairobi. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na mse mmoja tuliyesoma naye akaniambia kuna watu wanatafuta vijana wa kusimama getini kwa siku moja. Nikapewa fulana ya manjano, kadi ya kuning'iniza shingoni, na redio ya mkononi. Kamusi huiita simu ya upepo, wengine husema woki-toki. Sisi getini tuliiita redio tu. Mafunzo yalichukua kama dakika moja: "Hapa ndio unawasha, hapa ndio unabonyeza ukitaka kuongea. Usicheze nayo, ni ya wenyewe."

Ilipofika saa nne, watu nje ya geti B walikuwa wamejaa, wanasukumana, maana msanii waliyemlipia alikuwa karibu kupanda jukwaani. Ndani, hatua chache tu kutoka getini, kulikuwa na vyuma vya kupangia foleni ambavyo hakuna mtu aliyekuwa amevitoa. Bosi aliviona kutoka juu kule kwa kamera. Akabonyeza na kusema kwa pamoja: "Msifungue geti B sasa hivi." Sisi watatu tulisikia: "...fungue geti B sasa hivi."

Tukafungua.

Sitawaambia yote. Msichana mmoja alianguka kwenye vile vyuma na wengine wakampitia juu. Mkono wake ulivunjika. Nilikaa naye chini hadi ambulensi ikaja, nikimshika kichwa, yeye akiniuliza simu yake iko wapi. Baadaye bosi alitujia akiwaka: "Nimesema msifungue!" Nasi tukamjibu, "Bosi, umesema tufungue." Kila mtu alikuwa anasema ukweli. Hicho ndicho kitu kilichonikosesha usingizi.

Aliyenielezea alikuwa mzee mmoja wa geti A, mlinzi wa miaka mingi, tuliyemwita Soja. Alinikuta nimekaa kwa ukingo wa barabara saa nane za usiku.

"Kijana, hii kitu si simu," aliniambia. "Hii hula neno la kwanza. Bonyeza, pumua, ndio useme."

"Kwa nini haikuambiwa mtu, mzee?"

"Nani angeuliza?"

Nilienda nyumbani na hilo swali. Nimekuwa nikilisomea tangu siku hiyo.

Redio ya mkononi si kitu cha kale sana. Mwaka 1937, Donald Hings, fundi wa Kanada, alitengeneza redio ya kubebeka kwa ajili ya marubani wa kampuni ya madini waliokuwa wakiruka juu ya misitu isiyo na simu. Mwaka uliofuata, Marekani, kijana aitwaye Al Gross akatengeneza yake. Kisha vita vikaja, na vita huwa na pesa. Kampuni ya Galvin, ambayo leo tunaijua kama Motorola, ikaleta SCR-536, redio ya kushikwa kwa mkono mmoja, yenye uzito wa zaidi ya kilo mbili. Ilivushwa hadi ufuo wa Normandy Juni 1944. Haikuwa na swichi ya kuwasha: ukivuta antena, imewaka, ukiirudisha, imezimika. Ardhini ilifika kama maili moja, basi. Ile iliyoitwa woki-toki mwanzoni ilikuwa ndugu yake mkubwa, SCR-300, ya kubebwa mgongoni kama mtungi wa gesi.

Mwaka huohuo wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikishuka bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria hadi mto Chindwin. Wengi wao walikuwa askari wa KAR, watu wa kwetu, na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi hilo. Huwa nawaza mtu kwenye tope la Burma akisubiri amri itoke kwenye sanduku lenye mngurumo. "Usipige." Halafu nawaza silabi ya kwanza ikimezwa.

Maana hapa ndipo Kiswahili chetu kina shida yake peke yake. Mwingereza akikatwa neno la kwanza mara nyingi hupoteza jina la mtu au salamu. Sisi tumeweka kukataa kwetu mwanzoni kabisa mwa kitenzi. Kata "ha" kwenye "hatujatoka," ukabaki na "tujatoka," na masikio ya mtu mwenye haraka yatalitengeneza liwe "tumetoka." Kata "si" kwenye "si salama." Imebaki nini? Imebaki "salama." Silabi moja tu inaweza kumtoa mtu kwenye hatari au kumwingiza.

Na kwa nini redio hula mwanzo? Nilidhani ni ubovu, kumbe ndivyo ilivyoumbwa. Redio hizi hutumia masafa moja kwa zamu: unaongea au unasikiliza, huwezi vyote kwa pamoja. Ukibonyeza, inabidi iache kusikiliza na ianze kurusha. Kama kuna mtambo wa kurudia mawimbi katikati, nao lazima uamke kwanza. Halafu redio za wanaokusikiliza, ili kuokoa betri, huwa zinalala kidogo na kuamka, zinalala na kuamka, zikichungulia kama kuna mtu anaita. Zikikushika kwenye usingizi, neno lako la kwanza limeenda. Yote hayo ni sehemu ya sekunde, ila silabi pia ni sehemu ya sekunde.

Kosa la pili ni kuongea wawili kwa mpigo. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, ulikuwa umejaa ndege zilizogeuzwa huko baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa kisiwa jirani. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege ya KLM ilikuwa mwisho wa barabara ya kurukia, ile ya Pan Am bado iko kwenye barabara hiyohiyo, na hawaonani. Rubani wa KLM alisema kitu kilichomaanisha tunaruka. Mnara ukajibu sawa, kisha ukamwambia asubiri. Sekunde hiyohiyo Pan Am wakasema bado tuko barabarani. Sauti mbili zikagongana, na kwenye chumba cha rubani wa KLM ikasikika "sawa" halafu mlio mkali. Watu 583 walikufa. Maonyo mawili yalikuwa hewani, na yaliuana.

Baada ya hapo lugha ya anga ilibanwa. Neno la kuruka sasa hutajwa tu wakati wa kutoa ruhusa au kuifuta. Vinginevyo unasema uko tayari kuondoka. Na ukipewa maagizo muhimu, huyajibu kwa "sawa." Unayarudia.

Kwa redio za mkononi za FM, kama zile zetu za getini, mambo ni mabaya kwa namna nyingine. Mawimbi mawili yakigongana, lenye nguvu humeza dhaifu, na mara nyingi hakuna hata mlio wa kukuonya. Unamsikia bosi vizuri kabisa na hujui kuna mtu mwingine alikuwa analia msaada chini yake. Ndiyo maana ni vibaya kuikalia redio ukaminya kile kitufe bila kujua. Timu nzima inanyamazishwa na makalio yako.

Kisha kuna New York, 11 Septemba 2001. Baada ya bomu la 1993 katika minara ileile, mtambo wa kurudia mawimbi ulikuwa umewekwa ili redio za wazima moto zifike juu. Asubuhi hiyo wakuu waliujaribu kwenye mnara wa kaskazini wakaona haufanyi kazi. Tume iliyochunguza ilieleza kwamba kitufe kimoja cha kuwezesha simu ya kuuendeshea hakikuwa kimebonyezwa. Wakauacha. Mnara wa kusini ulipoporomoka saa 3:59 asubuhi, amri ya kuondoka mnara wa kaskazini ilitolewa kwa redio. Wapo walioisikia wakashuka. Wapo ambao hawakuisikia: chaneli ilikuwa imejaa watu, wengine walikuwa kwenye chaneli nyingine, wengine walikuja siku yao ya mapumziko bila redio yoyote. Dakika 29 baadaye mnara ukaanguka. Idara ile ilipoteza watu 343 siku hiyo.

Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Septemba 2013, Westgate, watu 67 waliuawa, na taarifa zilizofuata zilirudia jambo moja: polisi na wanajeshi waliingia bila kamandi moja, na ikafika wenyewe kwa wenyewe wakafyatuliana risasi. Nilikuwa shule ya upili. Tulitazama kwenye TV ya jikoni, mpishi akishika mwiko bila kupakua. Leo nikiona picha za wale maafisa na redio kifuani, jicho langu huenda kwa redio kwanza.

Kwa hivyo nikaanza kuandika kanuni zangu, nyingi nikiwa nimezitoa kwa Soja, maana nilirudi kumtafuta. Yuko geti la jengo moja mjini. Humpelekea chai ya maziwa, yeye hunipa somo.

La kwanza tayari mnalijua: bonyeza, pumua, sema. Sikiliza kabla ya kubonyeza, usije ukamfunika mtu. Mtaje unayemwita kwanza, kisha ujitaje: "Geti A, huyu geti B, ova." Shika redio wima, antena ikiangalia juu, vidole vitatu hivi kutoka mdomoni. Ongea kwa sauti ya kawaida. Ukipiga kelele sauti inapasuka na hakuna anayekuelewa. Usiivae kiunoni ukitarajia ifike mbali, mwili wako ni maji na maji hunywa mawimbi. Ukikosa kusikika, panda ngazi. Kwa mawimbi haya urefu unasaidia kuliko nguvu.

La pili: kwenye hatari, usiamuru kwa kukataa. Usiseme "msifungue," sema "fungeni geti, fungeni geti." Usiseme "si salama," sema "hatari." Neno likikatwa, kilichobaki kisigeuke kuwa kinyume chake. Hili sikulisoma kwa kitabu chochote. Nililisoma kwa mkono wa msichana wa watu.

La tatu ni nambari. Jaribu kusema "sita" na "tisa" kwenye kelele. Sauti ni zilezile, zimepinduliwa tu. Marubani wanaoongea Kiingereza walibadilisha matamshi ya tisa yao ili isichanganywe na neno lingine. Sisi hata hatuhitaji kubuni. Wazee walikuwa na "kenda." Soja husema kenda siku zote, na nilidhani ni uzee. Kumbe ni akili. Na saa, taja kabisa kama ni ya mchana au usiku, maana kuna watu ambao "saa tisa" kwao ni asubuhi.

La nne: rudia ulichoambiwa. "Umesema tufunge geti B, sivyo?" Kama mmoja wetu angeuliza hivyo usiku ule, ingekuwa sekunde tatu.

La tano ni usalama wa chombo chenyewe. Usibonyeze ukisikia harufu ya gesi au petroli mahali pamefungika, toka nje kwanza. Usishike antena wakati unaongea, wala kutumia iliyovunjika; betri iliyovimba irudishe, usiichaji. Na usitaje pesa, majina au mahali pa funguo, kwa sababu mtu yeyote mwenye redio ya bei ya duka la mtaani anaweza kukusikiliza. Warusi walijifunza hilo Agosti 1914 huko Tannenberg, walipotuma mipango yao hewani bila kuificha, Wajerumani wakiandika. Masafa nayo yana wenyewe: hapa Kenya hugawiwa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, na unaweza kuwa unapiga soga juu ya mawimbi ya ambulensi.

Nimefanya matamasha mengine sita tangu hapo. Mwaka jana nilipewa vijana kumi na wawili wa kusimamia, wana fulana zilezile za manjano. Niliomba nusu saa kabla ya mageti kufunguliwa. Msimamizi akaniangalia kama nimeomba mshahara wa waziri, lakini akanipa. Nikawapanga mbali mbali uwanjani, nikawaambia kila mmoja aniite na aseme "si salama," kwanza kwa pupa, kisha kwa kupumua. Walicheka sana mara ya kwanza. Mara ya tatu msichana mmoja wa geti C alisikika akisema "salama," akakaa kimya kidogo, akaniita tena.

"Nimesema si, lakini," aliniambia. "Nimesema."

"Najua," nikamjibu. "Sasa sema hatari. Ova."