Miti Iliyojenga Misioni Zetu

Katika siku hizi za jubilei twawataja kwa shukrani maaskofu, mapadri, watawa na wakristu waliotujengea nyumba ya Mungu. Lakini mti uliobeba paa miaka yote hiyo, ni nani anayeutaja? Hata Maandiko Matakatifu yanatusimulia jinsi mfalme Solomono alivyotuma watu kwa Hiramu, mfalme wa Tiro, kutafuta mierezi ya Lebanoni. Hakutosheka na mti wowote uliokuwa karibu.

Mapadri Weupe waliipokea ngome ya Mpala mwaka 1885. Ofisa Mbelgiji Émile Storms ndiye aliyekuwa ameanza kuijenga mwaka 1883. Mwaka 1893 ikaanzishwa misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, katika Moba. Nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa za fito, udongo na majani, nazo zilikuwa na adui wawili: moto na mchwa. Matofali ya kuchoma yalimshinda adui wa kwanza. Wa pili hakushindwa, kwa kuwa mchwa hupanda ndani ya ukuta kimyakimya, akitafuta boriti na miimo ya milango. Tena paa la vigae ni zito, halibebwi na mti dhaifu. Hesabu ya paa ilitoka Ulaya, lakini tabia za miti walizijua wazee wa nchi.

Wazee walijua kwamba miti ya miombo, ijapokuwa mingi kupita yote, yafaa zaidi kuni, makaa na kamba za magome. Mbao zake hupinda na kupasuka. Kwa milango na madirisha walichagua mninga, ambao wengi wa kwetu huuita mulombwa, kwa kuwa ukikauka hausinyai sana, wala randa haihangaiki nao. Mupapa ni mgumu na mzito, wafaa vizingiti na mahali panapokanyagwa. Muvule hustahimili mchwa na mvua, ingawa mara nyingine huficha ndani yake mawe yanayovunja meno ya msumeno.

Lakini mti mwema hautoshi ukitumiwa vibaya. Sehemu nyeupe iliyo chini ya gome ni chakula cha wadudu, hata katika mninga. Moyo wa mti ndio unaodumu. Wapasuaji, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, walipomaliza kazi, mbao zilipangwa kivulini, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Zikangoja miezi mingi. Aliyekosa subira alipata mlango usiofungika.

Ndugu wapenzi, twayasema haya kwa sababu paa la kanisa letu linataka kutengenezwa, na wengine washauri kununua mikaratusi mibichi, kwa kuwa ni rahisi na iko karibu. Mkaratusi ni mti wa faida kwa nguzo na ujenzi wa muda, lakini ukipigiliwa mbichi hujipinda, na misumari huachia. Twaomba halmashauri ya parokia inunue mbao mwaka mmoja kabla ya kazi, izikaushe, ndipo seremala aitwe.

Tena tukumbuke kwamba msitu si ghala lisilokwisha. Mukula, ndugu wa mninga, ulikatwa ovyo katika Katanga ukauzwa ng'ambo, hata mwaka 2019 ukawekwa chini ya ulinzi wa mapatano ya kimataifa ya CITES. Mwaka 2022 ikaamuliwa kwamba jamii yake yote ya Afrika, pamoja na mninga, ilindwe vivyo hivyo. Kwa hiyo anayekata apande. Mninga uliopandwa mwaka huu wa jubilei hautatupatia sisi mbao. Utapasuliwa na wajukuu wetu. Nasi twasali chini ya paa ambalo wengi wa walioikata miti yake wamekwisha kulala katika Bwana. Mungu awape raha ya milele, nasi atupe subira yao.