Umeme na Ardhi: Neno Moja, Kazi Mbili

Mafundi wetu wa umeme husema "ethi", neno lililokopwa kutoka Kiingereza. Wengine husema "waya wa ardhini". Majumbani maneno hayo yanatosha. Viwandani na migodini hayatoshi, kwani yanafunika kazi mbili zilizo mbalimbali.

Historia yaonyesha sababu. John Williamson alipogundua almasi Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, na dhahabu ilipokuwa ikichimbwa Geita kabla mgodi wa zamani kufungwa mwaka 1966, viwanda vingi, hasa vya Marekani, vilitumia mifumo ya umeme isiyounganishwa na ardhi. Lengo lilikuwa uzalishaji: waya mmoja ukigusa ardhi, mitambo haikusimama. Lakini hitilafu hiyo ilijificha. Volti za nyaya mbili zilizosalia, zikipimwa dhidi ya ardhi, zilipanda takriban mara 1.73, mathalani, 230 zikawa 400. Hitilafu ya pili ilipozuka, mota ziliungua na maisha ya watu yakawa hatarini. Ndipo wahandisi walipozidi kuunganisha kitovu cha mfumo na ardhi; migodini, aghalabu kwa kupitia kizuizi kinachopunguza mkondo wa hitilafu.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Ya pili ni kuunganisha magamba ya chuma ya mashine na ardhi, ili anayeyagusa asidhurike. Kazi moja haichukui nafasi ya nyingine. Agizo likisema tu "unganisha ethi", fundi atajuaje lipi limekusudiwa?

Kadhalika, neno "ardhi" lisitudanganye. Udongo wa Shinyanga hukauka sana wakati wa kiangazi, na penye miamba ya itale umeme hupita kwa shida. Kuchomeka fimbo ya shaba hakutoshi. Sharti ukinzani upimwe.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na kusanifu istilahi ni miongoni mwa kazi zake. Twapendekeza tutenganishe "kuunganisha mfumo na ardhi" na "kuunganisha vyombo na ardhi". Ni maneno marefu, lakini hayana utata. Tangu migodi mipya ilipofunguliwa Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, wafanyakazi wengi wanahitaji maagizo ya usalama kwa Kiswahili. Hapo mfasiri naye ni mlinzi wa uhai.