Fahamu jinsi watoto wa shule wanavyoonyeshwa tarumbeta, honi, tromboni na tuba

Ukitaka mtoto wa darasa la kwanza aijue tuba, usiishie kumwonyesha kwenye simu. Spika ndogo haitoi vizuri zile sauti nzito za chini. Tuba ikipigwa mbele yake, anaisikia mpaka kifuani.

Ndiyo maana wapigaji wa okestra katika nchi nyingi huenda wenyewe mashuleni. Mara nyingi huwa watano: tarumbeta mbili, honi, tromboni na tuba.

Kwanza ni midomo. Mpigaji anaibana na kuitetemesha, watoto wanaiga, darasa zima linacheka. Kumbe sauti inaanzia hapo! Kisha anachomeka kipande cha kupulizia kwenye mpira wa kumwagilia bustani, anaweka faneli upande wa pili, na mpira unalia kama tarumbeta.

Halafu urefu. Bomba la tarumbeta likinyooshwa hufika karibu mita 1.5, la tromboni 2.7, la tuba kubwa zaidi ya 5. Kwa kawaida, bomba likiwa refu sauti huwa nzito.

Siwa ya shaba ya Lamu nayo ililizwa kwa midomo vivyo hivyo.

Je, aanze kujifunza lini? Walimu wengi husubiri meno ya mbele ya ukubwani yaote, miaka 7 au 8 hivi. Kabla ya hapo asikilize, aguse, aulize. Na anayeziba masikio asilazimishwe; mkalishe nyuma, atasogea mwenyewe.